Mkongwe wa dola milioni 44: nyota mbili, na moja ya hizo ni ya jina

Kila dirisha la usajili NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, likifunguliwa lazima atokee mtu aseme "tumchukue yule bana, ana jina, ana uzoefu, akija kwetu atafufuka", na ukimuuliza analipwa kiasi gani anakujibu hela siyo yako we inakuuma nini. Sawa, hela siyo yangu. Ila mi ni shabiki wa Lakers, timu ya Los Angeles, na bidhaa ya aina hiyo sisi tulishainunua tukaitumia msimu mmoja na nusu, kwa hiyo naandika rivyu yake kama mtu anavyoandika rivyu ya friji, anayetaka kununua kama hiyo asome kwanza kabla hajatoa kadi.

Bidhaa yenyewe ni Russell Westbrook, toleo la kiangazi cha 2021, umri miaka 32.

Nianze na haki yake maana kuna watu humu wanamwita garasa na mi sikubali. Huyu ni MVP wa 2017, yaani mchezaji bora wa ligi, msimu ambao alimaliza na wastani wa pointi 31.6, ribaundi 10.7 na asisti 10.4, tripo dabo 42 (mechi unayofikisha kumi au zaidi kwenye vipengele vitatu, mfano pointi, ribaundi na asisti) ndani ya msimu mmoja, na Mei 2021 akampita Oscar Robertson akawa mwenye tripo dabo nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi. Garasa hafanyi hivo. Ila angalia alivyokuwa amepita mikononi mwa watu: Oklahoma City wakampeleka Houston 2019, Houston wakampeleka Washington Desemba 2020, Washington wakatuletea sisi 2021. Timu nne kwa miaka miwili na kidogo. Gari likibadilisha wamiliki kwa spidi hiyo, kabla ya kuuliza lina redio ya aina gani, we washa injini kwanza usikilize.

Bei sasa. Ya kwenye stika ilikuwa dola milioni 44 kwa msimu wa 2021/22, na mwaka unaofuata milioni 47 ambao uamuzi wa kuuchukua au kuuacha ulikuwa wake yeye mchezaji, we ungekuwa yeye ungeacha? Ukomo wa mishahara msimu ule ulikuwa milioni 112 na ushee, yaani mtu mmoja anakula karibu asilimia 40 ya kipimo cha timu nzima, na hapo LeBron James na Anthony Davis, masupastaa wetu wawili, hujawagusa.

Lakini bei ya kwenye stika siyo bei, na hapa ndo watu wengi wanachemka. Timu ikishavuka ukomo haiwezi kumbeba mtu wa milioni 44 hivihivi, sheria inataka utoe mishahara inayokaribiana na unayoipokea. Sasa utatoa nani? Supastaa wako humtoi. Dogo anayelipwa milioni mbili hata ukimtoa hajazi mzani. Wanaojaza mzani ni wale wa katikati, wa milioni tisa, milioni kumi na tatu, wale ambao hakuna anayenunua jezi zao lakini ukiwatoa timu inaanza kuvuja na hujui inavujia wapi. Kwa hiyo wakaondoka Kyle Kuzma, Kentavious Caldwell-Pope na Montrezl Harrell, pamoja na chaguo la 22 la drafti ya mwaka ule, yaani zamu ya kuchagua chipukizi wanaoingia ligi, na sisi tukarudishiwa Westbrook na machaguo mawili ya raundi ya pili, ambayo ni kama ile peremende unayopewa dukani wakikosa chenji.

Caldwell-Pope msimu wa mwisho kwetu alikuwa anatia pointi tatu kwa asilimia 41 na kila usiku ndo anapewa kazi ya kumkaba gadi mkali wa upande wa pili, na pete ya ubingwa ya 2020 kaivaa na sisi. Halafu kiangazi hichohicho Alex Caruso naye akaondoka zake Chicago kwa mkataba wa miaka minne, milioni 37. Yeye hakuwa ndani ya dili, ila ukishabeba mzigo wa milioni 44 kila dola unayoongeza juu inakuja na kodi ya anasa mgongoni, ile faini ya ligi kwa timu inayolipa mishahara kupita kiasi, na ofisi haikufika bei. Mwaka 2023 Caruso akatajwa kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi nzima. Kwa hiyo mi nikipiga hesabu yangu kaingia mmoja wametoka wanne, na zile nafasi zikajazwa na wazee wa mshahara wa kima cha chini, Carmelo Anthony miaka 37, Trevor Ariza 36, Dwight Howard 35, majina matamu sana kama ungekuwa mwaka 2010.

Kuhusu utendaji, karatasi itakudanganya. Pointi 18.5, ribaundi 7.4, asisti 7.1, mtu ukimsomea bila kumtajia jina atasema lete huyo haraka. Sasa chukua kalamu. Kwa mechi alikuwa anarusha mitupo 15.8 ya kawaida na mitupo huru 5.1. Kipimo wanachokitumia watu wa takwimu kinachukua mitupo huru unaizidisha kwa 0.44, unajumlisha na ile ya kawaida, jibu unazidisha kwa mbili, halafu unagawa pointi zake kwa hiyo namba. Inakuja 18.5 gawa kwa 36.1, asilimia 51 na kidogo. Ligi nzima msimu ule ilikuwa inacheza kwenye 56 hivi. Pointi tatu alikuwa anatia chini ya asilimia 30, na mipira anapoteza karibu minne kila mechi.

Mtetezi wake atakwambia hiyo tofauti ukiibadilisha kuwa pointi ni kama mbili tu kwa mechi, mbona makelele mengi. Na yuko sahihi! Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe, ni pointi mbili hivi. Kilichotuua siyo zile pointi mbili, kilichotuua unakiona ukiacha kuangalia mpira ukaangalia wanaomkaba. LeBron ana mpira juu, Davis anajipanga chini, Westbrook kasimama pembeni kwenye mstari wa pointi tatu, na yule anayetakiwa kumkaba Westbrook wala hamkabi, kampa mgongo kabisa, miguu yote miwili iko kwenye eneo la chini ya ringi anamsubiri LeBron aingie. LeBron anaona kuna watu watatu njiani, anatoa pasi pembeni, Westbrook anaipokea yuko peke yake kama kaachwa stendi, na uwanja mzima wa nyumbani unavuta pumzi. Akirusha ndo walichokuwa wanakitaka. Akiingia ndani anakuta msitu. Akirudisha pasi, saa ya mashambulizi imebaki sekunde tano. Hiyo haiandikwi popote kwenye karatasi ya takwimu, na inaenda kwenye hesabu ya LeBron na Davis siyo yake, ndo maana ukisoma namba zake peke yake unaona mbona kawaida.

Na mwache yeye ashike mpira basi, si ndo kazi yake? Sawa, lakini sasa LeBron ndo anasimama pembeni kuangalia. Umenunua jiko la pili wakati jikoni kuna plagi moja.

Nisiwe mkorofi lakini. Msimu ule LeBron alicheza mechi 56, Davis 40, Westbrook 78. Yaani tunayemsema ndo aliyekuwa anaripoti kazini kila siku. Tukamaliza ushindi 33 vipigo 49, nafasi ya 11 kanda ya Magharibi, hata ile michezo ya kugombea kuingia mtoano hatukuigusa, na kocha Frank Vogel akafukuzwa. Kumbebesha mtu mmoja mzigo wote ule ni uonevu, mi niliwaambia washkaji tangu siku zile na walinizomea.

Kurudisha bidhaa: ngumu sana. Hakuna dhamana, na anayeipokea anataka umlipe wewe. Februari 2023 ili aondoke ilibidi chaguo letu la raundi ya kwanza la 2027 liende Utah, lenye kinga ya nafasi nne za juu tu (yaani linabaki kwetu likiangukia hizo nne peke yake), katika dili la timu tatu ambalo lilituletea D'Angelo Russell, Malik Beasley na Jarred Vanderbilt. Watatu wa mishahara ya katikati. Yaani tulivunja noti kubwa tukapata chenji, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kuvunja chenji kupata noti kubwa, na katikati hapo tumelipa ada mara mbili. Na unajua kilichofuata? Miezi mitatu baadaye tuko fainali ya Magharibi. Tukapigwa 4-0 na Denver, mechi ya mwisho 113 kwa 111 LeBron akiwa na pointi 40, na kwenye watano wa kuanza wa Denver yupo nani, Caldwell-Pope. Yuleyule. Kachukua pete yake ya pili mwezi uliofuata. Mi nilizima skrini nikakaa kimya kama nusu saa hivi.

Watu wanasema hiyo ni Lakers tu na uzembe wao. Hapana, Detroit walishafanya hivi Novemba 2008, wakamtoa Chauncey Billups kumpata Allen Iverson, na Iverson mi nampenda hadi kesho, ila Detroit wakamaliza 39 kwa 43 na Cleveland wakawafagia raundi ya kwanza bila kupoteza mechi, huku Denver ya Billups ikishinda mechi 54 na kufika fainali ya Magharibi. Tofauti ni kwamba Detroit walau walikuwa na sababu ya kiofisi, mkataba wa Iverson ulikuwa unaisha mwaka huohuo na hela ikaachiwa huru. Wakaitumia kwa Ben Gordon na Charlie Villanueva, hiyo tuiache.

Niseme pia nilipokosea maana kuna mtu atanikumbusha. Kiangazi hichohicho cha 2021 Chicago walimpa DeMar DeRozan miaka mitatu karibu milioni 82 na mi nilicheka, nikasema huyu harushi pointi tatu, mzee, bei mbaya, ni walewale. Akafunga wastani wa 27.9 kwa asilimia 50 ya mitupo, halafu tarehe 31 Desemba akaimaliza Indiana kwa mtupo wa sekunde ya mwisho, kesho yake Januari mosi akaimaliza Washington hivyohivyo. Nilichokosea ni kuona umri na bei nikadhani ndo tatizo. DeRozan mpira wake hautegemei kuruka juu ya watu, ule mtupo wa umbali wa kati anao akiwa na 25 na anao akiwa na 32, na beki anayempa mgongo anafungwa palepale. Wa kwetu mchezo wake ulikuwa miguu. Miguu ikipungua robo, kinachobaki siyo robo tatu ya mchezaji, ni mtu anayefika kwenye ringi wakati mlango ushafungwa.

Na kingine, bidhaa ileile kwa bei nyingine ni rivyu nyingine kabisa. Denver walimchukua Westbrook msimu wa 2024/25 kwa kima cha chini, akawapa pointi 13.3 kwa mechi, fujo zake nzuri zote zipo, na siku akiharibu kocha anamwita benchi bila mtu kuuliza milioni 44 inakaaje benchi. Hapo natoa nyota nne bila kubishana. Hawakumtoa mtu yeyote kumpata.

Kwa anayetaka kununua leo hali ni mbaya kuliko yetu, kwa sababu mkataba mpya wa ligi wa 2023 umeweka ule mstari wa pili wa matumizi, juu zaidi ya ule wa kodi ya anasa, na timu ikiwa juu ya mstari huo hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya watu wawili watatu kumchukua mmoja, na chaguo lake la raundi ya kwanza la miaka saba mbele linagandishwa, hawezi kulitoa kwenye dili. Maana yake dili la kuingia unaweza kulipata ukiwa bado chini, mshahara wake ukakupandisha juu, halafu ukitaka kujitoa unakuta njia ni finyu kuliko zile tulizojitolea sisi. Kwa hiyo wewe unayesema tumchukue yule, sikatai, nitajie tu majina ya watatu wanaotoka, mshahara wa kila mmoja, na nani atamkaba gadi wao Jumatano. Wiki ya pili hii nasubiri.

Nyota mbili. Moja ya mechi 78, moja ya jina.

Kuna mshkaji wangu alikuwa na jezi ya Kuzma, namba 0. Westbrook alipokuja akachukua namba ileile, jamaa akafurahi kweli, akabandua herufi za Kuzma kwa pasi akabandika za Westbrook, akasema huyu ndo mtu pekee aliyeokoa hela kwenye hili dili. Februari 2023 akabandua tena. Anaivaa mpaka leo, mgongoni hakuna jina, sifuri tu.