Mishikaki miwili ya firigisi, yote yangu: jioni ya yakitori Tokyo

Kwetu Same kuku akichinjwa, kila mtu anakijua kipande chake kabla sufuria haijainjikwa. Firigisi ni ya baba, hilo halina mjadala. Paja ni la mgeni, na mgeni asipokuwepo ni la kaka mkubwa. Shingo, miguu na kichwa tunagombania sisi wadogo. Mama alikula kilichobaki, na mpaka leo sijui alikuwa anapenda nini. Nimefika miaka 38 nikiwa nimeonja firigisi za wizi tu, kijipande cha ukubwa wa kucha nilichokata huku jicho moja liko mlangoni. Sasa nimekaa kwenye kaunta ya mgahawa Tokyo, naambiwa upo mshikaki wa firigisi tupu, yen 280, na nikitaka naweza kuagiza hata mitano. Niliagiza miwili. Sikumgawia mtu.

Nilikuwa Tokyo kwa mafunzo ya kazi ya wiki tatu, mwezi wa Novemba, baridi imeshaanza kuuma. Aliyenipeleka ni dada mmoja wa Kijapani aliyewahi kukaa Moshi miaka miwili akifundisha kwa kujitolea. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kilimanjaro kuliko changu mimi. Ndiye aliyepiga simu kuweka nafasi siku kumi kabla, maana mgahawa una viti kumi na kimoja tu, vyote vya kaunta, na simu inapokelewa kwa Kijapani peke yake. Uko kwenye kichochoro karibu na stesheni ya Yurakucho, si mbali na yale matao ya matofali yanayobeba reli, ambayo yamesimama pale zaidi ya miaka 100. Treni ikipita unaisikia kifuani. Mlangoni pametundikwa taa nyekundu ya karatasi na pazia fupi la kitambaa. Unainama, unaingia, wote wanaofanya kazi mle wanakupigia kelele za kukukaribisha kwa pamoja, na mimi nikashtuka nikadhani nimekanyaga kitu.

Neno lenyewe, yakitori, halina fumbo: yaki ni kuchoma, tori ni ndege, na ndege huyo ni kuku. Menyu ya picha hakuna. Ukutani pamebandikwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa kwa brashi, kimoja kwa kila sehemu ya kuku. Nilihesabu kumi na sita za kuku mmoja, acha uyoga, pilipili changa na mayai ya kware. Nyumbani buchani ukiomba kuku unaulizwa vipande vinne au vinane. Hapa kuna mtu ameona kwamba nyama ya shingo si sawa na nyama ya paja, na nyama ya paja karibu na goti si sawa na ile ya karibu na nyonga, na kila moja akaipa kijiti chake.

Nianze na moto, maana ndio ulionifanya nisahau simu yangu mfukoni kwa muda wa saa nzima.

Jiko ni sanduku refu jembamba, upana wake haufiki shubiri mbili. Halina wavu. Kuna vyuma viwili tu vilivyolazwa kwa urefu, kimoja mbele kimoja nyuma, na mshikaki unaegemea juu ya vyote viwili: nyama inaning'inia katikati juu ya makaa, shina la kijiti linabaki nje upande wa mpishi, haliungui. Nyama haigusi chuma, kwa hiyo haigandi wala haichaniki. Nilijiuliza ni mara ngapi nimebandua mishikaki kwenye wavu pale kwetu na nusu ya nyama ikabaki huko.

Mkaa wao unaitwa binchotan. Huu wa pale ulitoka Wakayama, unatokana na mti wa jamii ya mwaloni wanaouita ubame. Mpishi alipoona namkodolea macho, alichukua vipande viwili vya mkaa baridi akavigonganisha. Vililia kama chuma, ting! Nikamwomba arudie. Wanauchoma tanuruni taratibu, mwishoni wanaachia hewa iingie mpaka joto linafika karibu nyuzi 1,000, kisha wanautoa ukiwa bado unawaka na kuufukia kwa mchanganyiko wa majivu na mchanga wenye unyevu. Unatoka mgumu, mweupe-mweupe nje. Wenyewe hauna moshi wa kukutoa machozi. Moshi unaouona ni wa mafuta ya kuku yanayodondokea makaa, na huo ndio anaoutaka. Mkono mmoja unageuza mishikaki, mkono wa pili umeshika upepeo. Akitaka moto upande anapepea kona moja tu, akitaka mshikaki mwingine upumzike anausogeza pembeni. Hapumziki. Mwenyeji wangu alinitafsiria msemo wao: kutunga nyama kwenye kijiti ni miaka mitatu, kuchoma ni maisha mazima. Nilikuwa tayari kuuchukulia kama majigambo ya wapishi mpaka nilipomwona yule baba amegeuza mshikaki mmoja zaidi ya mara kumi na tano. Nilihesabu.

Wateja wanamwita taisho, kama sisi tunavyomwita mtu fundi. Taisho hakuuliza tunataka kipi kwa chumvi na kipi kwa mchuzi. Anaamua yeye. Mchuzi unaitwa tare: sosi ya soya, mirini (pombe tamu ya mchele ya kupikia), sake (pombe ya mchele) na sukari, na uko kwenye chungu kirefu cha udongo ambacho hakimalizwi, kinaongezewa tu juu ya uliokuwepo. Mishikaki inachovywa mle mizima ikiwa motoni, kwa hiyo mafuta ya kuku wa jana na juzi yako humo. Ukilifikiria sana hilo unaweza kuacha kula. Mimi nililifikiria kidogo tu.

Tulimwachia atuchagulie aina saba za mwanzo, halafu tukaanza kuagiza wenyewe.

Ya kwanza ndiyo iliyotaka kuharibu jioni. Ni ule mnofu mwembamba wa ndani ya kidari, umepakwa wasabi, kile kiungo chao kikali cha kijani, kwa juu, na ulipokatika mdomoni niliona katikati ni wa waridi. Mbichi. Nililelewa kwamba kuku asiyeiva ni hospitali, na kumbe hata wizara ya afya ya Japani yenyewe inawaonya watu wake kuhusu kuku mbichi. Nikamnong'oneza mwenyeji wangu. Akaomba urudishwe motoni. Taisho akaurudisha bila neno, lakini mgongo wake ulisema mengi. Ulipokuja tena ulikuwa mkavu kidogo, na hilo najua ni kosa langu. Ningefanya vilevile tena.

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Paja na kitunguu cha majani kinene, kipande kwa kipande, kitunguu kimeungua nje na ndani kimekuwa kama uji mtamu. Ngozi iliyokunjwakunjwa kama marinda na kuchomwa taratibu mpaka inavunjika kama kaukau. Kipapatio kwa chumvi tupu, ambacho kilinikumbusha kuku wa kuchoma wa stendi ya mabasi Korogwe, tofauti ni kwamba hapa hakuna ndimu wala pilipili ya kukimbilia, ni kuku na chumvi na moto vinakutazama. Nyama ya kusaga iliyofinyangwa, wanaiita tsukune, imechanganywa na gegedu lililokatwakatwa ili jino lipate cha kufanya, inachovywa kwenye kiini kibichi cha yai. Kiini nilikiacha. Ini sikulipenda: lilikuwa laini mno katikati, kama siagi, na mimi ini nalitaka liive. Mwenyeji wangu alikula la kwake na langu akifumba macho.

Mkia ndio uliniumbua. Nyumbani tunamtupia paka. Hapa wanatoa ile tezi ya mafuta, wanabakisha nyama yake yenye mafuta mengi, wanatunga minne kwenye kijiti kimoja. Kuku mmoja ana mkia mmoja. Maana yake pale mkononi nimeshika kuku wanne. Nilikula nikiwaza paka wa nyumbani alivyokuwa anaishi kwa raha miaka yote ile.

Kisha firigisi. Imesafishwa, ule utando mgumu wa nje umeondolewa wote, imegawanywa vijipande vya duara, chumvi, basi. Inalia chini ya jino, inakatika mara moja, haina ule mpira wa kutafuna mpaka taya linauma. Nilimpigia picha baba nikamtumia WhatsApp. Kule ilikuwa saa nane mchana. Akajibu baada ya dakika moja: "Huko wababa wanapewa nini?"

Kuna kitu kimoja kitawagawa wasomaji. Ukichinja kuku mtagaji unayajua yale mayai machanga yaliyofuatana tumboni, ya njano, bila gamba. Sisi tuliyapigania kwenye mchuzi. Wao wanalitunga moja kwenye ncha ya kijiti likiwa limeshikana na kipande cha mrija wa mayai, wanaliita chochin, yaani taa ya karatasi, kwa sababu linaning'inia kama ile ya mlangoni. Unaliweka zima mdomoni, linapasuka, linajaa kote. Mzungu aliyekaa kiti cha tatu alikataa hata kulitazama. Mimi nilijiona niko jikoni kwa bibi.

Niliuliza kuku wenyewe ni wa wapi. Mwenyeji wangu akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kujivuna: "Dada, huyu si wa kisasa. Ni wa kienyeji." Na kweli, wana neno lao, jidori, ambalo ukilifungua ni hilohilo, kuku wa ardhi ya pale. Ila kwao ni suala la kanuni: lazima angalau nusu ya damu yake itoke kwenye koo za asili za Japani, na afugwe siku zisizopungua 75. Kuku wa kisasa ndio walioifanya yakitori kuwa chakula cha kila mfanyakazi anayetoka ofisini, walipoenea kuanzia miaka ya 1960. Kabla ya hapo kuku alikuwa ghali. Sasa gurudumu limezunguka, mwenye pesa anamtafuta wa kienyeji na kumlipia zaidi. Muulize yeyote anayenunua kuku soko la Kisutu, Dar es Salaam, kama habari hii ni ngeni.

Malalamiko ninayo. Kabla hatujaagiza chochote tuliletewa vibakuli vya figili nyeupe iliyokunwa. Nikadhani ni ukarimu. Kwenye bili ilikuwa yen 400 kwa kila mtu. Ni desturi ya migahawa ya aina hii, inaitwa otoshi, ni kama kiingilio cha kukalia kiti, lakini mgeni haambiwi. Pili, unatarajiwa kuagiza kinywaji, na wengi wanaagiza bia. Mimi nilikunywa chai baridi ya oolong glasi tatu na hakuna aliyenisema. Tatu, muda ni saa mbili, ukiisha unaonyeshwa kwa adabu nyingi kwamba umeisha. Viti ni vyembamba, vimebanana, na mtu wa umbo langu anajua hivyo dakika ya kwanza. Na kadi hawapokei, pesa taslimu tu.

Nywele zangu nilikuwa nimesuka rasta wiki iliyotangulia. Zilinuka mafuta ya kuku siku tatu, darasani wenzangu wakawa wanauliza kama nimeshakula.

Kwa ndugu zangu Waislamu: msihangaike na sehemu kama hii. Kuku hachinjwi kihalali, na hata mkisema mtakula ya chumvi tu, jiko ni lilelile na tare ina sake na mirini. Mwenzetu wa Unguja tuliyekuwa naye kwenye mafunzo alikwenda Shin-Okubo, ambako kuna mtaa wenye maduka na migahawa ya halali, akarudi ameshiba na ametumia robo ya pesa yetu.

Pesa yenyewe ilikuwa yen 13,400 kwa watu wawili, mishikaki kumi na mmoja kila mmoja, figili, vinywaji, na mchuzi mweupe wa mifupa ya kuku waliotuletea mwishoni kwenye kikombe. Upande wangu ni kama shilingi 115,000 za Tanzania. Ni kuku watatu wazima wa kienyeji. Bahashishi hakuna, usiache, watakukimbiza barabarani kukurudishia. Ukitaka ladha bila gharama, ghorofa za chini za maduka makubwa zinauza mishikaki ya tare iliyokwisha kuchomwa kwa bei ndogo sana, na vichochoro vya Omoide Yokocho kule Shinjuku vina vibanda vya moshi ambavyo mtu anaingia bila kuweka nafasi, ingawa siku hizi watalii ni wengi kuliko wenyeji.

Nampa taisho nyota nne. Ya tano ameikosa kwa kile kidari kibichi na kwa kiingilio cha figili. Mkienda, wekeni nafasi ya saa kumi na moja jioni wanapofungua, na agizeni lile yai changa mara tu mnapokaa. Sisi tulipata mawili ya mwisho, na jamaa aliyeingia nyuma yetu alituangalia tukila mpaka tukamaliza.