Kumtafutia mzee daktari wa mkojo Dar: kwa nini nilimwacha wa kwanza nikabaki na wa pili

Naandika hii kwa wenye wazee nyumbani, maana nilipokuwa natafuta mimi kila mtu alinitumia namba ya dokta "mzuri sana" na hakuna aliyeniambia uzuri wake uko wapi. Hospitali sitaji wala majina ya madaktari, nitasema walichofanya tu, na hicho ndicho kitakusaidia popote ulipo.

Baba alikuja kutoka Korogwe akiwa na mafua, tukamchukulia vidonge vya mafua duka la dawa, usiku wa pili mkojo ukagoma kabisa, tumbo la chini limekaza kama ngoma, anatembea chumbani hawezi kukaa wala kulala. Tukamkimbiza hospitali ya karibu wakamwekea mpira wa kutolea mkojo, mkojo ukatoka akapumua. Hapo nawashukuru sana, walifanya haraka.

Kesho yake tukapelekwa kwa dokta wa kwanza, kliniki ya binafsi, AC, sofa, kila kitu. Akaagiza kipimo cha PSA, yaani kipimo cha damu cha kuangalia tezi dume, siku hiyohiyo, majibu yakaja 14, akatuambia hii ni saratani ya tezi dume, andaeni hela apasuliwe wiki hii. Hakumgusa baba. Hakuuliza anatumia dawa gani. Nikamuuliza wewe ni bingwa wa mkojo? Akazunguka zunguka, mwisho nikaja kujua ni mpasuaji wa jumla. Jamani siwadharau wapasuaji wa jumla, huko mikoani ndio wamekuwa wakipasua tezi dume miaka yote na wameokoa wazee wengi. Lakini sema ukweli ninapokuuliza, na usimwambie mzee wa miaka 71 ana saratani kwa karatasi moja. Baba aliacha kula siku ile.

Sasa jinsi nilivyompata wa pili. Niliacha kuuliza "dokta gani mzuri" nikaanza kuuliza mabingwa wa mkojo wanafanya kazi wapi, yaani hospitali zenye idara yenyewe, mfano Muhimbili, KCMC Moshi au Bugando kwa watu wa Mwanza. Kumbe wengi wa hao asubuhi wako hospitali ya serikali na jioni wanaona watu binafsi, dokta ni yuleyule bei ndio tofauti. Ukishapata jina, hakikisha yuko kwenye usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na uliza ubingwa wake ni wa nini: MMed (shahada ya ubingwa) ya yurolojia, yaani magonjwa ya mkojo, au amefaulu mitihani ya yurolojia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Siyo utovu wa adabu kuuliza. Wa kwetu aliniambia bila hata kukunja uso.

Tumefika, akamwamkia baba shikamoo, akakaa akamtazama yeye, siyo mimi. Akauliza usiku unaamka mara ngapi mzee. Baba akasema "kawaida tu." Dokta akanitazama, akasema dada naomba utupishe kidogo. Nikatoka. Niliporudi baba alikuwa ameshaeleza kila kitu, kwamba kwa mwaka mzima anaamka mara nne tano, mkojo unadondoka kwa matone, na ameshakunywa unga wa mitishamba wa kununua stendi. Mimi binti yake naishi naye kwa simu kila siku na sikuwa najua hata moja. Kipimo cha kidole, yaani dokta kuigusa tezi kwa kupitia njia ya haja kubwa, nacho kikafanyika nikiwa nje, na baba anasema hakikuchukua hata dakika moja, kwa hiyo wazee msitishwe na maneno ya vijiweni.

Halafu akatuelezea. Baadhi ya vidonge vya mafua vina dawa zinazoweza kuziba mkojo kwa mzee ambaye tezi yake imeshakua. PSA inapanda mkojo ukiziba, ukiwekewa mpira, ukiwa na maambukizi, kwa hiyo ile 14 ya siku moja baada ya mpira haikuwa ya kuhukumia mtu. Akatibu maambukizi kwanza, akampa tamsulosin, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, akamwonya kwamba inaweza kumpa kizunguzungu akisimama haraka hasa kwa vile anakunywa na dawa ya presha, baada ya siku chache mpira ukatolewa na akakojoa mwenyewe. Hapo hapo wakampiga ultrasaundi kuona mkojo uliobaki kwenye kibofu. PSA ikarudiwa baada ya wiki kadhaa ikawa 4.6, na bado hakusema "umepona", alisema tunaendelea kuifuatilia na ikianza kupanda tutaongea habari ya picha ya MRI na kuchukua kinyama cha tezi kikapimwe. Hayo ndio maneno niliyotaka kusikia tangu mwanzo.

Upasuaji hajaukataa pia. Kasema dawa zikishindwa au mkojo ukiziba tena, kwa tezi ya baba yenye gramu 60 hivi inawezekana kuikwangua kwa kupitia njia ya mkojo bila kufungua tumbo, ila tezi kubwa sana mara nyingi hufunguliwa. Na akamwambia waziwazi kwamba baada ya hapo mbegu nyingi hurudi ndani kwenye kibofu badala ya kutoka. Kuna madaktari wanaficha hiyo, mzee anakuja kuigundua nyumbani mwenyewe.

Kasoro ipo. Foleni ni ndefu mno, tulifika alfajiri tukaonwa mchana, na dirishani dada wa mapokezi anauliza "mzee una shida gani?" kwa sauti watu wote wanasikia. Kwa kliniki ya mkojo hilo wangelirekebisha kesho tu, mzee mwingine anaweza kugeuza akarudi nyumbani. Bima ilipokea vipimo vingi lakini siyo dawa zote, kwa hiyo ulizeni dirishani kabla ya kuandikiwa.

Na akina mama, huyu dokta ni wenu pia, benchi letu lilikuwa na dada mwenye mawe kwenye figo na mama aliyekojoa damu bila maumivu. Damu kwenye mkojo msisubiri, hata kama imekata yenyewe, hasa ninyi wa kanda ya ziwa mliokulia penye kichocho.

Nampa nyota nne. Mkienda bebeni dawa zote anazokunywa mzee, zile za duka na za stendi, ziwekeni mezani kwa dokta, na majibu ya zamani ya PSA yakiwa na tarehe.