Lenzi ya milimita 50 kwenye dansi: sura inapendeza, miguu haimo

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Kama unapiga picha za waimbaji na wapiga vyombo, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu lake la mwanga ni pana (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka), inunue hata kesho. Kama unapiga picha za wanaocheza, subiri kidogo na pesa yako. Mimi nasoma sanaa, mwaka wa pili, na nimeitumia muhula mzima kwenye kazi yangu ya picha kuhusu muziki wa dansi hapa Dar es Salaam. Kilichonifanya niipende ndicho kilichonichosha.

Sitaji kampuni, kwa sababu karibu kila kampuni ya kamera ina lenzi yake ya aina hii na tabia zao ni moja: fupi, nyepesi, umbo la plastiki, bei karibu na chini kabisa kwenye orodha. Yangu ni mtumba. Niliipata Kariakoo kwa Sh 220,000, baada ya kuvutana na muuzaji aliyeniita "dada'angu" kila alipokataa kushusha. Kwa mji wenye joto na unyevu kama huu, cha kwanza kukagua kwenye lenzi ya mtumba ni fangasi. Washa tochi ya simu, mulika kutokea nyuma ya lenzi, chungulia kwa mbele. Ukiona nyuzinyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya vioo, mrudishie na salamu zake. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele wala hauonekani kwenye picha, lakini fangasi inaendelea kula. Yangu ilikuwa safi, isipokuwa swichi ya fokasi imelegea, naibana na kipande cha utepe mweusi.

Sababu ya kuinunua ni giza. Bonanza za Jumapili kwenye baa zinaanza jua likiwepo, lakini utamu wenyewe unakuja usiku, na hapo taa ni mbili tatu za jukwaani na bango la bia. Lenzi iliyokuja na kamera yangu, ukiivuta hadi milimita 50, tundu lake haliendi zaidi ya f/5.6. Kutoka hapo hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Yaani pale nilipolazimika kutumia shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya 1/15 ya sekunde na vidole vya mpiga solo vikapotea, sasa napata 1/125 na zaidi, na kucha zinahesabika. Ninayo picha moja ya mpiga besi ambayo kidole gumba kimeota sugu upande mmoja tu, upande unaogusa waya. Nyingine ni ya mwimbaji ameshika leso na kipaza sauti kwa mkono mmoja, mshipa wa shingo umesimama, na nyuma yake wapuliza tarumbeta wamefifia hadi kubaki rangi ya shaba tu. Picha hizi hata mwalimu wangu, ambaye kusifia kwake ni kunyamaza, alizikalia muda mrefu.

Flashi sikuitumia, na sishauri mtu aitumie. Inavunja usiku wa watu, na tuseme ukweli, si kila aliyepo ukumbini ameaga nyumbani. Nilikuwa naomba ruhusa kwa kiongozi wa bendi kwanza, kisha kwa meza kwa meza. Wapo waliosema "piga bendi, mimi niache", na niliwaacha.

Kuhusu taa za LED za jukwaani, neno moja: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde hata kama jicho halioni, na ukiweka shata ya haraka unapata mistari ya giza imekatiza uso wa mtu. Rudi kwenye 1/100 au 1/50, mistari inakwisha. Na taa nyekundu ikimpiga mtu usoni, usihangaike na rangi, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe.

Sasa tuje kwenye ugomvi wangu na lenzi hii. Ukilifungua tundu lote, kinachokaa kwenye fokasi ni kidogo mno. Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea picha) ndogo ya APS-C kama yangu, mtu akiwa mita 2, eneo lililo kali halizidi sentimita 11 hivi, mbele na nyuma kwa jumla. Kwa mwimbaji anayesimama mahali pamoja, hiyo ni neema. Kwa watu wawili walioshikana wanazunguka, ni kwamba jicho la bwana liko sawa, la bibi halipo. Ukikaza tundu hadi f/4 wote wawili wanaingia, lakini mwanga uliolipia unaondoka.

Hata hivyo hilo linavumilika. Lisilovumilika ni upana. Milimita zikizidi, lenzi inaona sehemu nyembamba zaidi, na kwenye sensa hiyo 50 zinaona kama 75 hivi za sensa kubwa ya fremu kamili. Ukiisimamisha kamera wima na mchezaji yuko mita 2, fremu inachukua chini kidogo ya mita moja ya mwili wake: kichwa hadi kiunoni. Ili umpate mtu mzima na viatu vyake unahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita 4. Ni ukumbi gani wa dansi uliokupa mita 4 zisizo na mtu? Ukirudi nyuma hivyo, katikati yako na yeye wanapita wengine wanne na mhudumu na kreti lake.

Na dansi iko chini. Wimbo wa dansi wa Kitanzania una sehemu mbili. Kwanza beti, taratibu, mashairi yanasikika, watu wanashikana au wanakaa wanasikiliza nani kamwacha nani. Halafu magitaa yanabadilika, tarumbeta zinaingia, na inakuja sehemu ya moto ambayo wengine wanaiita chemko na wengine sebene, watu wanaachana mikono na kila mmoja anaonyesha alichokuja nacho. Hapo mabega ya wachezaji wazuri hayasogei sana. Uso umetulia kabisa, wengine wanaangalia pembeni kama hawahusiki. Kazi yote inafanyika kuanzia kiunoni kwenda chini. Kwa lenzi hii nilikuwa napata picha kali, zenye mwanga mzuri, za watu waliotulia. Usingejua kama wanacheza au wanasubiri daladala.

Aliyenionyesha kosa hili ni mzee mmoja ambaye kila Jumapili anakuja na mkewe, suti ya kaki, viatu vya rangi mbili. Nilimpelekea picha zake kwenye simu. Akazitazama moja moja, akasema, "Binti, umenipendezesha. Lakini mbona umenikata miguu? Viatu hivi nimevipiga kiwi tangu asubuhi." Mkewe akaongeza kwamba hapo kwenye picha anaonekana ana usingizi. Mzee huyo alianza kucheza ujanani kwenye ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, na akiamua kukuonyesha mguu wa kushoto unavyosubiri nusu pigo kabla ya kufuata, anainua suruali kidogo ili uone kisigino.

Baada ya hapo nikaanza kuziangalia tofauti picha zote za zamani nilizokusanya kwa ajili ya kozi. Darasani historia yetu inakwenda kwa mnyororo: beni na sare zake za kuiga jeshi, makundi ya beni ya Marini na Arinoti wakichuana, Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1932, NUTA Jazz mwaka 1964, ambayo baada ya kubadili jina zaidi ya mara moja ndiyo Msondo Ngoma, Mlimani Park mwaka 1978. Ni mnyororo wa bendi, waanzilishi na nani kamhama nani. Mwimbaji Muhidin Gurumo tunajua alitoka wapi akaenda wapi akarudi lini. Anayecheza hayumo. Picha nilizozipata nazo ni hivyo hivyo: wanamuziki wamepangwa mstari, magitaa kifuani, kila mtu kasimama wima.

Na kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake wa kuchezwa. NUTA walikuwa na Msondo, Mlimani walikuwa na Sikinde, Western Jazz walikuwa na Saboso, Maquis walikuwa na Kamanyola. Majina tunayo. Sauti tunazo pia, kwa sababu Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi hizi kwenye studio zake na kanda zikatunzwa. Lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Saboso ulianza na mguu gani? Mkono ulikaa wapi? Jibu liko kwenye magoti ya watu wa umri wa mzee wangu wa viatu, na wanapungua. Mtu akija na kamera leo, halafu naye akapiga vifua tu, ana udhuru gani?

Ajabu ni kwamba wapiga picha wa studio wa zamani walijua hili vizuri kuliko mimi na mtumba wangu. Nyumbani kwetu kuna picha ya babu ya miaka ya sabini, imepigwa studio, pazia lenye mchoro wa bahari nyuma. Amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, mguu mmoja ameutanguliza, na mpiga picha ameacha nafasi chini ya viatu, kama upana wa vidole viwili, ili ile soli nene isikatwe. Hachezi, amesimama tu, lakini ukimwangalia unajua anakokwenda usiku ule.

Mtu ataniuliza kwa nini nisitumie simu, maana lenzi yake kuu ni pana na miguu inaingia bila shida. Mchana, sawa kabisa. Usiku simu inajaribu kutengeneza mwanga kwa kuunganisha picha kadhaa, na mchezaji akisogea anatoka na visigino vitatu.

Ninachofanya sasa ni hiki. Beti zikiimbwa nakuwa na ile 50, jirani na jukwaa, f/2, ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) 3200. Magitaa yakibadilika nafunga ile lenzi ya kamera iliyoniudhi mwanzo, naiacha kwenye milimita 18, nachuchumaa kwenye ngazi ya jukwaa kamera ikiwa usawa wa magoti. Mita moja na nusu tu inatosha kumchukua mtu kichwa hadi soli. Tundu ni f/3.5, kwa hiyo ISO inapanda 6400, shata inashuka 1/60, na picha zinatoka na chenga, yaani punjepunje. Miguu inavutika kidogo. Nilizichapa zote, kali na za chenga, nikamtandikia mzee mezani. Alichagua ya chenga, akaniomba nakala mbili, moja ya mtoto wake aliyeko Morogoro.

Kubadilisha lenzi gizani na jasho mkononi hakufai, kofia ya nyuma ya lenzi imeshaangukia kwenye soda. Kwa hiyo 50 siiuzi, ila fedha inayofuata ni ya milimita 24 yenye f/2.8, zile nyembamba za sensa ya APS-C. Kwa mita 2 inamchukua mtu mzima na viatu vyake. Na itabidi nimulike tena kwa tochi, kwa sababu hiyo nayo itakuwa mtumba.