Kitabu cha Joshua Slocum, kwa macho ya fundi mashua wa Dunga

Kitabu hiki kinunue. Nakala kama yangu usinunue, na sababu nitaitoa huko mbele, maana kwanza nataka ujue unanunua nini.

Kinaitwa Sailing Alone Around the World, kimeandikwa na Kapteni Joshua Slocum mwenyewe, na kilitoka mwaka 1900. Slocum ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Aling'oa nanga Boston tarehe 24 Aprili 1895, umri miaka 51, na akafunga kamba Newport, Marekani, tarehe 27 Juni 1898. Alikata maili 46,000 hivi bila baharia wa kumpokea usukani, bila injini na bila redio. Mfereji wa Panama haukuwa umechimbwa, kwa hiyo aliyetaka kutoka Atlantiki kuingia Pasifiki alilazimika kushuka hadi ncha ya Amerika Kusini, akazunguke Rasi ya Horn au apenye, kama Slocum, mlangobahari wa Magellan, mahali ambapo upepo unaporomoka kutoka milimani bila hodi.

Wanaokisifu kitabu hiki husifu ujasiri wake, na ujasiri upo, sikatai. Lakini mimi naunda mashua hapa Dunga, ng'ambo kidogo tu ya mji wa Kisumu, na nilichokiona humo ni kazi ya fundi. Safari ile ilishindwa au kufaulu kwenye majani, chombo kikiwa bado nchi kavu. Mwenye haraka ataruka mlango wa kwanza, yaani sura ya kwanza, afike kwenye mawimbi. Usiuruke.

Slocum alizaliwa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1844, akaingia baharini kijana, akapanda cheo hadi unahodha wa meli kubwa za matanga. Kisha meli za mvuke zikaja na kazi ya matanga ikaanza kufa, naye akabaki na ujuzi ambao hakuna tajiri aliyeuhitaji. Hali hiyo nadhani wengi wetu tunaijua. Hata kabla ya hapo alikuwa ameonja shida: mwishoni mwa 1887 meli yake Aquidneck ilikwama kwenye fungu la mchanga Brazil ikaharibika. Hakuwa na nauli ya kurudisha mke na watoto wawili, akaunda chombo cha futi 35 palepale. Kilishushwa majini tarehe 13 Mei 1888, siku watumwa wa Brazil walipoachiwa huru, wakakiita Liberdade, yaani uhuru, na wakarudi nacho hadi Marekani.

Sasa njoo Fairhaven, Massachusetts. Nahodha mstaafu wa meli za nyangumi, Eben Pierce, alimwambia aje achukue chombo cha bure, kina matengenezo kidogo tu. Slocum alipofika alikuta mashua kuukuu imeegemezwa shambani, mbali na maji, imefunikwa turubai. Jina lake Spray. Majirani walidhani amekuja kuivunja. Aliposema anaijenga upya walishangaa, na kila aliyepita alimuuliza swali moja: itakulipa? Aliulizwa hivyo mwaka mzima. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kidogo, kwa sababu swali hilohilo huulizwa mimi nikiwa nimeinama na randa, na wanaoniuliza ni watu wenye nia njema kabisa.

Akaangusha mwaloni uliokuwa karibu, ukawa mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Akatengeneza sanduku la mvuke na chungu cha kuchemshia maji, akachonga miti michanga iliyonyooka, akaichemsha kwa mvuke mpaka ikalegea, akaipinda juu ya gogo na kuifunga hapo mpaka ikakubali umbo. Hayo ndiyo mataruma yake, yaani mbavu za chombo. Huku kwetu mimi hutafuta tawi lililojipinda lenyewe, nikalipasua kufuata mkunjo wake, na matawi ya namna hiyo yanazidi kuadimika kwa kuwa mvule mzuri umekwisha. Kwa hiyo ile aya ya mvuke niliisoma kwa kalamu mkononi. Haielezi dakika wala moto, lakini mtu mwenye mikono ataelewa. Mbao za ubavuni zilikuwa msonobari wa Georgia, unene inchi moja na nusu. Kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, alipiga pamba kwanza, kisha nyuzi za kamba juu yake. Kila ubao mbovu ukatoka, mzima ukaingia, hadi hakuna ajuaye chombo cha zamani kiliishia wapi na kipya kikaanzia wapi, na bado akakiacha na jina lake la awali. Gharama yote ilikuwa dola 553 na senti 62, na miezi 13 ya jasho lake.

Mti wa omo, sehemu ya mbele kabisa ya chombo, aliuchagua kwa makini kuliko vyote, mwaloni uliokulia malishoni, si msituni. Baadaye safarini, kwenye visiwa vya Keeling katika Bahari ya Hindi, omo hiyo inagonga tumbawe na tumbawe ndilo linalopasuka. Slocum anaitaja kwa sentensi fupi tu na kuendelea. Mimi nilifurahi kama ni mimi niliyeukata ule mti.

Karakana yangu ina vijana wanaojifunza kazi, na wakati wa chakula nimekuwa nikiwasomea, natafsiri papo kwa papo. Nilipofika katikati mmoja alinikatiza: "Sasa fundi, huyu mzee alikuwa analala saa ngapi?" Swali la maana sana. Anayelala huku tanga limejaa, hata hapa kwenye ghuba yetu, anaweza kuamkia kwenye gugumaji au juu ya mawe. Jibu lake ndilo fundisho kubwa la kitabu kizima. Kutoka kisiwa cha Thursday, kaskazini mwa Australia, hadi Keeling, ni maili 2,700 na siku 23. Katika siku hizo zote Slocum anasema hakukaa kwenye usukani zaidi ya saa tatu kwa jumla. Alifunga usukani kwa kamba akaenda kupika, kusoma na kulala, na Spray ikaenda yenyewe kama punda ajuaye njia ya nyumbani.

Ilikuwaje? Vijana walitaka kuona, nasi tukatoka nje na futi ya kupimia, tukachora Spray mchangani kwa ukubwa wake halisi: urefu futi 36 na inchi 9, upana futi 14 na inchi 2. Wakasimama ndani wakashangaa upana wake. Mashua zetu za mbio na za omena ni nyembamba, zinakata maji haraka, na ukiachia usukani kidogo tu zinageuka. Spray ilikuwa pana na nzito, mkuku wake umenyooka kutoka mbele mpaka nyuma, na chombo cha hivyo hakiyumbishwi na kila wimbi. La pili ni matanga. Upepo ukitoka nyuma, alilikaza tanga dogo la mbele katikati kabisa, bapa. Omo ikianza kukengeuka, upepo unalipiga lile tanga ubavuni na kuirudisha omo mahali pake. Nyuma, alipokuwa kule Magellan, aliongeza mlingoti mdogo ili uzani wa matanga ukae sawa. Hakuna muujiza. Kuna mtu aliyekaa na chombo chake hadi akakijua. Nilimjibu kijana kwamba mzee alilala usiku, kama watu wengine.

Na hesabu zake za baharini! Saa nzuri ya meli aliiacha kwa sababu kuirekebisha kungegharimu dola 15. Akanunua saa ya bati huko Yarmouth, Nova Scotia, iliyotakiwa dola moja na nusu, akapata kwa dola moja kwa kuwa kioo kilivunjika. Baadaye mkono wa dakika ulikatika, na mashine ilipogoma akaichemsha kwenye maji ikaendelea kuhesabu saa. Akiwa na hiyo tu, na mwezi alioupima kwa sekstanti, kifaa cha kupimia pembe, alivuka Pasifiki na kuviona visiwa vya Marquesas pale alipovitarajia.

Mengine nayapitisha haraka, uyakute mwenyewe: maharamia waliomkimbiza karibu na pwani ya Morocco, mbuzi aliyepewa kwenye kisiwa cha Mtakatifu Helena aliyekula ramani yake ya baharini, watu wa kisiwa cha Rodrigues waliomwona akiingia bandarini peke yake siku ya upepo mkali wakaamini ni Mpinga Kristo, kwa kuwa kasisi wao alikuwa ametoka kuwahubiria ujio wake. Na Rais Kruger wa Transvaal, jamhuri ya Makaburu iliyokuwa Afrika Kusini, aliyeamini dunia ni bapa, akimsahihisha usoni kwamba hakuna kitu kama kuizunguka dunia.

Kuna mahali nilipokasirika. Kule Tierra del Fuego, visiwa vya ncha ya Amerika Kusini, Slocum anawaita wenyeji washenzi, anawaogopa na kuwafyatulia risasi. Kisa maarufu zaidi cha kitabu ni cha misumari midogo ya zulia, aliyopewa na nahodha mmoja Punta Arenas na kuitandaza sitahani usiku. Wenyeji wakapanda pekupeku gizani, wakarukaruka na kupiga mayowe hadi wakajitupa majini. Vijana wangu walicheka. Niliwaacha wamalize, kisha nikawaambia wale walikuwa watu wa namna gani. Wayahgan walikuwa mafundi wa mitumbwi ya magome ya miti, wanayashona, na walitembea majini na moto unaowaka ndani ya mtumbwi, katika baridi ya theluji. Miaka ileile, wafugaji wa kondoo walikuwa wakiwaua Waselk'nam, wenyeji wengine wa huko, na kuwafukuza kwenye ardhi yao. Sisemi Slocum hakuwa hatarini. Nasema fundi wa kiwango chake alipita kando ya mafundi wenzake, na natamani angewatazama kwa jicho lilelile alilolitumia kuchagua mwaloni.

Jambo la pili ni ukimya wake. Mke wake wa kwanza, Virginia, alisafiri naye miaka mingi, akalea watoto melini, na alifia Buenos Aires mwaka 1884, akazikwa huko. Spray inaingia Buenos Aires, na sura hiyo inazungumzia watu wa mjini na ukarimu wao. Kaburi halimo. Mtu ana haki ya kunyamaza kuhusu huzuni yake. Ila ukishajua hilo, ukairudia sura anayotoka mtoni hapo kuelekea kusini, utaisoma polepole zaidi.

Kitabu kinaishia na kurudi nyumbani, kwa hiyo mwisho wa maisha yake haumo. Novemba 1909 alitweka tanga tena kwenye Spray, peke yake, kutoka kisiwa cha Martha's Vineyard kuelekea kusini, na hakuonekana tena, yeye wala chombo. Mwaka 1924 alitangazwa rasmi kuwa amefariki. Bingwa huyu hakujua kuogelea. Nawaambia hivyo wavuvi wanaokuja kwangu wakidai jaketi ya kujiokolea ni ya wageni wanaokuja kutazama viboko: vaeni.

Kiingereza chake ni cha zamani lakini hakina madoido. Sentensi fupi, maneno ya kazi. Aliyemaliza sekondari atakisoma, na majina ya kamba na matanga yasimtishe, anaweza kuyapita.

Sasa nakala yangu. Niliinunua duka la vitabu mjini kwa shilingi 1,150. Aliyeichapisha alitaka kubana karatasi: maandishi madogo kama ya kipeperushi cha dawa, ramani ya safari imefifia hadi Afrika haionekani ilipoishia, michoro ya toleo la kwanza haipo. Hayo ningeyasamehe. Nisichosamehe ni kwamba ameikata nyongeza. Slocum aliweka mwishoni vipimo vya Spray, mchoro wa umbo la bodi na wa matanga, pamoja na maelezo ya kwa nini chombo kilishika njia chenyewe. Nyuma ya jalada wameandika ni kitabu kamili. Kwa msomaji wa visa si hasara kubwa. Kwa fundi, wamemuuzia samaki asiye na minofu.

Nilichofanya ni hiki, nawe unaweza. Kitabu kimeshatoka kwenye haki miliki, na Project Gutenberg wanacho bure kwenye intaneti. Nilikwenda saiba, nikaomba wanichapishie nyongeza peke yake, mchoro wa bodi wakaukuza kwenye karatasi kubwa. Mistari inasomeka vizuri, na tayari nimeanza kuhamishia vipimo kwenye mbao nyembamba za kielelezo, nusu ya ukubwa, kwa ajili ya mashua ya uvuvi ninayotaka iwe tulivu kuliko hizi tulizozoea.

Kama pesa ipo na unapenda kitabu cha kushika mkononi, nunua, hata kwa zaidi ya nilichotoa mimi. Ila ukiwa bado dukani, fungua kurasa za mwisho kwanza. Ukikosa mchoro wa bodi na wa matanga, kirudishe rafuni uulize toleo jingine.