Mafunzo ya siku moja ya sheria ya mtandao, Kirumba: somo zuri, kijitabu kibovu

Ninaendesha kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la jijini Mwanza, na visiwa vya karibu. Humo tunapeana bei ya gunia, tunaulizana ni boti gani imeondoka Ukerewe na imebeba mzigo wa nani, na, nikiri mapema, huwa tunabandika pia picha za watu tunaowaita matapeli. Picha moja ya namna hiyo ndiyo iliyomfikisha mwenzetu kituoni, akalala huko, akatoka kesho yake kwa dhamana huku simu yake ikibaki mikononi mwa polisi. Kwa hiyo tangazo la mafunzo ya siku moja kuhusu makosa ya mtandao na haki za raia lilipotufikia, tulijiandikisha watu tisa kwa mpigo. Mafunzo hayo hutolewa na ofisi ya mawakili ya hapa mjini ambayo siitaji jina, kwa kuwa nina lawama juu yake na bado sijausikia utetezi wake.

Ada ni shilingi 30,000, pamoja na chai ya saa nne na chakula cha mchana. Kijitabu kinauzwa kando kwa shilingi 5,000. Ukumbi uko ghorofa ya pili, si mbali na Uwanja wa CCM Kirumba, na feni zake mbili hazikutosha. Waandaaji walifanya jambo moja la busara: waliyaweka mafunzo siku za mbalamwezi, wakati ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu mwanga wa taa zao hauvuti kitu, nasi wa mwaloni tunapata nafasi ya kupumua. Sato wa mchana alikuwa wa moto na wa kutosha.

Asubuhi yote ilikuwa ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye kifungu cha 16, kinachohusu taarifa za uongo. Hapo ndipo wakili aliyetufundisha alipoonyesha kwamba kazi yake anaijua. Mama mmoja anayeuza dagaa wa kukaanga alisimama akasema, "Bwana wakili, sisi hatuchapishi kitu, sisi tunaforwadi tu." Ukumbi ulicheka, lakini wakili hakucheka. "Mama yangu," alimjibu, "hilo neno ndilo linalowaponza wengi." Kisha akaeleza kwamba sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na kwamba neno ambalo tumezoea kulitafsiri kuwa kuchapisha limepewa ndani ya sheria yenyewe maana pana, inayobeba kusambaza, kupeleka, kuonyesha na kubadilishana, kiasi kwamba anayepokea picha kutoka kwa jirani na kuipeleka kundi jingine hawezi kujikinga kwa kusema kuwa si yeye aliyeitengeneza.

Baada ya kututia hofu hiyo alitupa upande wa pili, ambao kwangu peke yake ulirudisha thamani ya ada. Kifungu hakisemi kwamba uongo wenyewe ni kosa. Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba mshtakiwa alijua kuwa taarifa ni ya uongo au ya kupotosha, na tena kwamba alikuwa na nia, kwa mfano ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuudanganya umma. Kijana mmoja kutoka Ukara aliuliza kuhusu tarehe 20 Septemba 2018, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa chao, ambapo majina ya waliozama yalipita kwenye simu usiku kucha na mengine yakawa ya watu walio hai. Je, aliyeyapeleka majina hayo alikuwa mhalifu? Wakili alijibu kwamba huyo alikosea, na kwamba sheria inamtafuta aliyejua. Niliona watu wakiandika jibu hilo kama lilivyo.

Sasa nije kwenye kijitabu. Ukurasa wa saba una jedwali la makosa na adhabu, na kwenye mstari wa kifungu cha 16 pameandikwa hivi: "Kusambaza taarifa za uongo: faini milioni 5 au jela miaka 3." Neno "akijua" halipo, na nia haikutajwa popote. Zaidi ya hayo, sheria inasema faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, jambo linalomaanisha kwamba viwango hivyo ni sakafu na si dari. Kwa hiyo jedwali limekosea pande zote mbili: linamfanya raia aonekane mwenye hatia kuliko sheria inavyotaka, na papo hapo linaipunguza adhabu iliyo mbele yake. Maneno ya mdomo, hata yakiwa mazuri namna gani, husahaulika baada ya wiki mbili, na kitakachobaki kabatini ni ukurasa wa saba. Ofisi ya mawakili haiwezi kuuza kitu cha aina hiyo na kukiita mwongozo.

Mchana ulikuwa wa vitendo. Meza mbili ziliunganishwa zikawa kaunta ya polisi, karani wa ofisi akawa afande, nasi tukaitwa mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, karani alikunja uso akasema, "Mama, lete simu, na ufungue." Nilimpa na kuifungua kabla hata sijamuuliza ninatuhumiwa nini, mimi ambaye asubuhi nzima nilikuwa nikitikisa kichwa kwa kuelewa. Tulirudia mara tatu. Nilijifunza kuuliza kosa langu kwa sauti ya heshima, kuomba kuwasiliana na ndugu au wakili kabla ya kutoa maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi huyaandika baada ya kumwonya mtuhumiwa, kudai stakabadhi ya simu iliyochukuliwa, na kukumbuka kwamba mtu anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au, ikishindikana, suala la dhamana yake liangaliwe. Tulionywa pia tusifute kitu kwa papara, kwa sababu kufuta ujumbe kwa nia ya kukwamisha upelelezi nako ni kosa. Mtu akidai amri ya kupekua simu, alituambia wakili, ajue kwamba chini ya sheria hii mkuu wa kituo mwenyewe, au ofisa wa ngazi kama yake, anaweza kuitoa. Anayepekua na anayeruhusu wanaweza kuwa chini ya paa moja. Zoezi hilo lilistahili siku nzima.

Katiba ilifika saa kumi na nusu, wakati watu wameshaanza kutafuta funguo za pikipiki. Hii ndiyo lawama yangu kubwa kuliko hata kijitabu, maana tangazo lilikuwa limeahidi haki za raia. Wakili alitusomea ibara ya 18, yenye uhuru wa kueleza fikra, haki ya kutafuta na kutoa habari, na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Akagusia kwamba hadi mwaka 2005 haki hiyo ilifungwa kwa maneno ya kuiweka chini ya sheria za nchi, na kwamba marekebisho ya mwaka huo yaliyaondoa, ingawa ibara ya 30 bado inaruhusu mipaka kwa manufaa ya umma. Nilitamani akae hapo. Badala yake alikimbilia shauri la wakili Jebra Kambole, ambamo Mahakama Kuu mwaka 2016 iliviacha vifungu vingi vya sheria ya mtandao visimame, ikakikataa cha 50, kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kulimaliza kosa kwa kutoza fedha bila kesi, kwa kuwa kiligusa haki ya kusikilizwa. Nilipouliza kama kundi letu linaweza nalo kwenda Mahakama Kuu, alijibu kwa sentensi moja kwamba marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, kisha akafunga kompyuta. Kama Katiba ingekuja asubuhi, tungekwenda kwenye kaunta ile ya meza tukijua kwamba tunachodai ni chetu, wala si fadhila ya afande.

Jambo moja halikuguswa kabisa, na ndilo lililotupeleka pale. Mtu tunayembandika picha tukamwita tapeli naye ni raia, ana ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha na heshima yake, na tangu mwaka 2022 ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nililijua hili Jumanne nilipopita ofisini kwao kuuliza, ambapo wakili alinipa dakika kumi bila malipo na kunieleza vizuri kuliko alivyofanya ukumbini. Tangu hapo kanuni ya kundi ni kwamba aliyedhulumiwa anaandika kwamba ameripoti, anaweka namba ya RB, ile anayopewa kituoni akiripoti, na picha anabaki nayo mwenyewe.

Kwa adimini wa kundi lolote, mwandishi wa habari anayeanza, au mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kaunta ya polisi, ningesema alipe 30,000 na asikose kipindi cha mchana. Kwa anayetaka kuielewa Katiba, mafunzo haya hayatoshi. Kijitabu asinunue.

Kijana wa mapokezi aliniambia kwamba kitarekebishwa nakala zilizopo zikiisha, na nyuma yake niliziona zimepangwa hadi usawa wa dirisha. Nilimwomba kalamu, nikaandika "akijua" na "isiyopungua" pembeni mwa ukurasa wa saba wa nakala yangu. Nakala nane za wenzangu nitazipitia jioni hii, kabla boti ya Ukerewe haijafika.