Fundi fremu wa Nakuru aliyeitendea haki ngao ya binti yangu

Kama una mtoto aliyefuzu chuo cha kijeshi cha Lanet akarudi na tuzo, na tuzo yenyewe bado imelala kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, nimempata fundi wa kumpelekea. Yuko Nakuru mjini, hatua chache kutoka Kenyatta Avenue, ghorofa ya kwanza, unapandia ngazi za nyuma. Halina kibao duka lake. Uliza fundi fremu, watakuonyesha.

Wa kutengeneza fremu hapa mjini ni wengi, na picha za arusi na za mahafali wanaziweza vizuri. Tuzo ya kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, ina mambo yake. Ndani yake mna mbao, shaba, kitambaa, karatasi yenye sahihi ya wino, pengine na chuma, na kila kimoja huharibika kwa namna yake. Mimi nilistaafu jeshini nikiwa sajini, na miaka mingi ya utumishi wangu niliimaliza stoo. Panga za gwaride nimezipaka mafuta kwa mikono yangu. Najua alama ya kidole ikiachwa kwenye chuma kilichong'arishwa hugeuka kutu, na najua upanga haukai miaka ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Kwa hiyo niliingia pale na macho ya mtu wa stoo.

Kwa asiyejua, Chuo cha Kijeshi cha Kenya kiko Lanet, nje kidogo ya Nakuru. Makadeti wa Jeshi la Nchi Kavu, la Wanahewa na la Wanamaji hufunzwa hapo pamoja. Siku ya gwaride la kufuzu, Rais huja kama Amiri Jeshi Mkuu, na kadeti aliyefanya vyema zaidi kwa jumla hupewa Upanga wa Heshima. Hilo la "kwa jumla" lina uzito. Hodari wa mbio asiyeweza kuongoza wenzake usiku kwenye mvua haupati, na hodari wa darasani anayechoka mlimani haupati. Desturi hii tuliirithi kwa Waingereza. Kule Sandhurst, chuo chao cha maafisa wa jeshi, upanga wa namna hii upo mpaka leo, na makadeti wanaotoka nchi za nje wana upanga wao wa kushindania.

Binti yangu hakupata upanga. Alipata ngao ya shabaha kwenye kombania yao: ngao ndogo ya mbao, kibati cha shaba katikati, na cheti chake. Aliyepokea upanga nchi nzima ilimwona kwenye televisheni jioni ile, na alistahili. Mwenye ngao ndogo hana kamera. Alama ya kazi yake itaonekana ukutani kwao tu, kwa hiyo ukuta huo sharti uandaliwe vizuri. Nililibeba wazo hili tangu siku ya gwaride, na nikaanza kuzunguka mjini nikitafuta mtu atakayelielewa.

Fundi huyu alilielewa kabla sijalisema. Sikuwa hata nimeulizia bei. Aliishika ngao kwa kingo, bila kugusa shaba, akaniuliza, "Mzee, hii alipewa kwa sababu gani?" Nikamweleza. Nikamwambia mlenga shabaha hulala chini, huvuta pumzi, huitoa nusu, kisha hukibonyeza kifyatulio taratibu hata mlio wa bunduki umshtue mwenyewe. Nikamwambia na upepo wa mchana wa Nakuru unavyomharibia aliyezoea kulenga asubuhi. Alisikiliza yote. Kisha akauliza swali ambalo hakuna fundi mwingine aliyeniuliza: "Afande atahamishwa?"

Hapo nikajua nimefika. Afisa kijana hana makao. Leo yuko Nanyuki, kesho yuko Manda, pwani, kwenye hewa ya chumvi, keshokutwa ametumwa nje ya nchi. Fremu yake itapanda lori na kushushwa kambi baada ya kambi. Fundi alichagua mbao nyepesi, akafunga mgongo kwa skrubu badala ya misumari ili ifunguke bila kuvunjwa, akaziba mzunguko wote wa nyuma kwa utepe wa karatasi ili vumbi na unyevu visipenye. Ndani, pembeni pasipoonekana, aliweka kipakiti cha chembe za kunyonya unyevu, zile zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu vipya. Alisema zibadilishwe kila baada ya muda, na ndiyo maana skrubu.

Fremu yenyewe ina kina kama sanduku, kioo mbele. Gundi haikutumika popote kwenye tuzo. Ngao imeshikwa na vibanio vidogo vya shaba vilivyovikwa kitambaa cha pamba. Nilikuwa nimependekeza kitambaa cha sufu, kile chekundu kinachopendeza, akanionyesha kipande cha shaba kilichokaa juu ya sufu kikawa cheusi. Hoja yake ilinitosha. Karatasi ya nyuma ni ile isiyo na asidi. Cheti kimeshikwa kwa pembe nne za karatasi, na kilichomo ndani ni nakala ya rangi. Cheti halisi tulikirudisha nyumbani kikalazwa kwenye faili. Wapo watakaoona huku ni kudanganya wageni. Mimi naona ni busara, kwa sababu wino wa sahihi hauhimili mwanga, na cheti halisi ataombwa siku moja.

Kioo ndicho kinachokula pesa. Kwa kioo cha kawaida kazi yote ingekuwa shilingi 4,500. Kwa kioo kinachozuia miale ya jua inayofifisha rangi nililipa 7,800, nusu kwa M-Pesa siku ya kuagiza na nusu siku ya kuchukua. Si pesa kidogo kwa mstaafu. Lakini kioo hicho nilikuwa na sababu ya kukitaka, na sababu yenyewe nilikuwa nimeibeba kwenye mfuko siku hiyohiyo.

Nilihudumu Sierra Leone, kwenye kikosi cha Umoja wa Mataifa cha UNAMSIL, wakati Jenerali Daniel Opande, Mkenya mwenzetu, akiwa kamanda wa majeshi yote ya kikosi hicho. Nilirudi na medali. Miaka ile niliipeleka kwa fundi wa mji mwingine, akaibandika kwa gundi juu ya kadibodi na kuifunga kwa kioo cha dirisha. Utepe ulififia mpaka mistari yake ikawa haitofautiani. Jambo hili liliniuma kwa muda mrefu, maana wapo niliokuwa nao kule ambao hawakurudi kuivaa ya kwao.

Fundi wa Nakuru alipitisha uzi mwembamba kati ya medali na kadibodi, akaikata ile gundi polepole huku ameshika pumzi. Aliniambia wazi kwamba rangi iliyoliwa na jua hairudi, na kwamba yeyote atakayejitolea kuupaka utepe rangi nimkatalie. Kisha akaugeuza. Upande wa nyuma, uliokuwa umelalia kadibodi miaka yote hiyo, mistari ilikuwa bado imekolea. Aliushona upya upande huo ukiwa mbele. Nilitoka nje kwenye ngazi nikasimama kidogo kabla ya kurudi ndani. Kwa kazi hiyo ya utepe alikataa malipo.

Binti yangu naye alikuwa na sharti lake. Alisema ngao haipandi ukutani bila picha ya platuni nzima, kwa sababu hakuna aliyejifunza shabaha peke yake. Yuko aliyemsomea upepo, yuko aliyemwamsha alipokuwa hoi. Sandhurst wanalo jambo linalokaribiana na hilo: kikosi cha makadeti kilichoshinda mashindano ya chuo ndicho hubeba bendera maalumu ya heshima, kwa hiyo heshima ya kikosi ina mahali pake mbali na upanga wa mtu mmoja. Fundi alilipokea sharti bila mabishano. Picha ameiweka juu, pana, ngao chini yake, cheti pembeni. Ukiitazama unaanza na nyuso za vijana wote, kisha unashuka kwenye ngao. Mpangilio huo ulikuwa wake, na sijaona mtu aliyeutazama asiulize majina ya wale wengine.

Sasa dosari, maana zipo. Ahadi zake za siku usizichukulie kama amri. Alisema wiki moja, wiki ikapita na nyingine ikapita, na simu hapokei akiwa kazini. Kibati cha maandishi huchongwa na mtu mwingine, na cha kwanza kilikuja na mwaka usio sahihi. Alikirudisha kwa gharama yake bila maneno, lakini siku ziliongezeka. Anakata mbao kwenye chumba kilekile anachofungia vioo. Niliona chembe ya vumbi la mbao ndani ya kioo, nikamwonyesha, akafungua akasafisha. Meza ya kufungia inapaswa kuwa chumba kingine, na nilimwambia hivyo. Ngazi pia ni kali kwa wenye magoti mabovu, ingawa ukimwita kutoka chini hushuka.

Kwa mwenye upanga, ukutani ana picha ya sanduku refu alilomtengenezea afisa mmoja, upanga umelazwa nje ya ala, ala yake chini yake. Ndivyo inavyotakiwa. Bei ya kazi hiyo sikuuliza.

Ukienda, beba tuzo mwenyewe wala usiitume kwa matatu, nenda na glavu za pamba kama unazo, na mwandikie maandishi ya kibati kwenye karatasi kwa herufi kubwa: jina, kozi, mwaka. Jumamosi hafungui, ni Msabato. Na uende kabla ya gwaride la kufuzu, umpe vipimo na ulipe nusu mapema, kwa sababu wiki zinazofuata gwaride wazazi hujaa kwenye ngazi zile.