Dripu ya ndoo kwa bustani ya shule: nzuri, ila sio kwa sababu aliyonipa muuzaji

Habari zenu wadau, naona walimu wengi wanaulizia hizi seti za dripu za ndoo kwa ajili ya bustani za shule, ngoja niseme nilichokiona maana sisi huku Dodoma tunaitumia toka mvua zilivyokata na huku mvua ikikata mwezi wa nne imekata kweli, mpaka Desemba ndo unaiona tena.

Kwa asiyeijua: ni ndoo ya lita 20, koki, chujio dogo na mipira miwili ya mita 15 yenye vitundu kila baada ya sentimita 30. Ndoo inakaa juu ya kichanja cha kama mita moja, unajaza, maji yanashuka yenyewe yanadondokea kwenye shina. Umeme hamna, pampu hamna. Muuzaji akaniambia inatosha miche 100 na hesabu yake iko sawa, vitundu 50 mara mipira miwili, ila hakuniambia miche ya nini. Kwa sukuma, bamia, nyanya chungu na chainizi iliyopandikizwa iko poa sana. Kwa mchicha wa kumwaga mbegu tuta zima utapata visiwa vya mchicha na jangwa katikati. Na shule nyingi zinaanzia mchicha, wala hazijakosea, wiki ya tatu au ya nne mtoto anang'oa anapeleka jikoni, wa darasa la pili umwambie asubiri nyanya chungu miezi miwili na ushee? Atakuwa ameshahamia kwenye mpira. Kwa hiyo mchicha tumeuacha kwenye keni.

Halafu kile alichokuwa anakinadi zaidi, eti inawapunguzia watoto kazi. Jamani. Mtoto akimwagilia na keni anainama, anaona majani yametobolewa, anaona wadudu mafuta wamejazana chini ya jani la sukuma, anakimbia kuja kukuita mwalimu njoo uone. Tulivyofunga dripu wiki za mwanzo hakuna aliyeinama, koki inafunguliwa watu wanaondoka, sukuma ikashambuliwa mpaka inajikunja ndo mtu anagundua. Ikabidi tupange zamu za kukagua, kila mtoto na miche yake kumi, anaangalia chini ya jani na anaangalia kama kitundu chake kinadondosha. (Nikiri kuna faida moja, wale wachelewaji waliokuwa wanapewa kumwagilia kama adhabu sasa karibu hawana cha kumwagilia. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za serikali tulilichukia shamba la shule kwa sababu hiyo hiyo, kulima ilikuwa fimbo ya pili.)

Vitundu ndo ugonjwa wake mkubwa. Maji ya kisima chetu yana chumvi na baada ya muda kinaota kiukoko cheupe kwenye tundu, tone linachelewa, mara limekata kabisa, na mche unaanza kulegea saa sita mchana wakati wa jirani umesimama. Dogo mmoja wa darasa la nne akaona aisee hili dogo tu, akachukua mwiba wa mgunga akazibua. Ikazibuka kweli! Maji yakaanza kuruka kama mkojo wa mtoto na wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini, ila miche ya mwisho wa mpira ikawa haipati kitu maana ndoo inaishia pale pale. Cha kufanya ni kufungua ncha ya mwisho ya mpira maji yatoke kwa kasi kidogo yasombe uchafu, na chujio lioshwe kila wiki, hii kazi wape watoto wa darasa la tano na kuendelea wanaiweza vizuri tu. Karatasi ya maelekezo ilikuja Kiingereza kitupu, tukawapa darasa la sita waandike ya Kiswahili wakabandika kwenye ndoo.

Sasa nilipoikubali ni likizo ya mwezi wa sita. Hapo ndo bustani za shule zinapofia, watoto wako makwao, walimu tumesambaa, jua la Dodoma halina likizo. Kabla ya hapo ilikuwa unamwomba mlinzi amwagilie na keni, atafanya siku mbili tatu kisha anachoka, na mimi simlaumu. Safari hii kazi yake ilikuwa kujaza ndoo asubuhi na jioni basi, dakika chache anaendelea na mambo yake. Tukaweka matandazo ya majani makavu juu ya tuta kuzuia jua. Watoto wamerudi wakakuta sukuma imesimama, imekomaa majani ya chini lakini imesimama, na siku ya kwanza tu wameichuma.

Kwa hiyo kama shule yenu ina maji ya bomba na mtu wa kumwagilia mwaka mzima, nunueni keni na samadi, hela ibaki. Kama likizo ndo inawaulia bustani, chukueni, na pale dukani ombeni vizibo na viungio vya ziada hapo hapo mkiwa mnalipa, mimi nilivyorudi kuulizia nikaambiwa haviuzwi peke yake mpaka ununue seti nzima.